Nusu Siku Aliyoidai Egidi Nyoni

Baba Paroko, Mwenyekiti wetu wa mtaa, wanajumuiya, wafanyakazi wa Redio Lizombe, majirani wa Msamala, wageni wa kutoka Mbinga, Namtumbo na Tunduru, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, na ninyi watani mliokwisha kujisogeza karibu na sufuria mnajijua, naomba vijiko vitulie kidogo. Mimi ni Yohanes Nyoni, fundi bati, mtoto wa baba mdogo wa marehemu, na ukoo umenichagua mimi nisome, wala hapakuwa na ubishi, kwa sababu katika ukoo wetu sauti zilikuwa mbili tu, moja ndiyo hiyo imelala hapo mbele yenu, na nyingine ndiyo hii mnayoisikia. Nimeambiwa nisome kwa kifupi, nami nitajitahidi, lakini kaka yangu hakuishi kwa kifupi.

Marehemu Egidi Thadeo Nyoni alizaliwa tarehe 1 Septemba 1961, katika kijiji cha Maposeni, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Thadeo Nyoni na marehemu mama Adela, na kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Egidi, jina halikumsumbua mtu, lilikuwa limeshaandikwa kwenye kalenda ya misheni likimsubiri mwenyewe atoke. Wazee walisimulia kwamba alipotoka alilia mara moja tu, kwa sauti nzito, ya mtu aliyemaliza kusema, hata mkunga akageukia mlango amfukuze baba mtu, akidhani mwanamume ameingia chumba cha wazazi. Anayebisha aende Maposeni akaulize, ingawa waliokuwepo wote wameshatangulia, na wengi wao aliyewatangaza ni yeye mwenyewe.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 hapo hapo Maposeni, akamaliza la saba mwaka 1975, akachaguliwa kuendelea na sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979, na vyeti vipo ndani, mjane wake amevifungia kabatini. Mimi niliishia la sita, walimu wakasema nimewatosha. Lakini shule iliyomfunza Egidi hasa haikuwa na cheti, ilikuwa nyumba ya mikate ya misheni, ambako wakati wa likizo alikuwa akipeleka kuni, na mwokaji wa hapo alikuwa Mjerumani mmoja, Bruda Otto, mtu wa mikono minene na maneno machache, aliyeweka gramafoni juu ya kabati la unga. Bruda Otto alikuwa na imani yake, nje ya ile ya Kanisa, kwamba unga wa ngano hauumuki vizuri mpaka usikie fidla, na mimi nimeila mikate ile nikiwa mtoto, siwezi kumpinga. Egidi alikuwa akishusha mzigo wa kuni anaukalia, santuri inazunguka, unga unapanda kwenye makarai, joto la tanuri linamchoma magoti, na hapo ndipo muziki ule wa Wajerumani waliokufa zamani, muziki usio na neno hata moja, ulipomwingia, na kwake yeye ukawa muziki wa mkate wa moto mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa, kwetu sisi wengine, muziki huo huo ulikuwa muziki wa msiba. Wenzangu wa umri huu mnajua. Redio inaendelea na salamu zake, kutoka kwa fulani wa Mahanje kwenda kwa fulani wa Kitai, ghafla salamu zinakatika, hakuna kwaya, hakuna bei ya mahindi, zinaingia fidla peke yake, zinavutwa taratibu kama mtu anayeburuta kitanda chumba cha pili, na hapo mama anasimamisha mchi kinuni, baba anavua kofia, maana ameondoka mtu mkubwa nchini, jina lake tutaambiwa baadaye. Hakuna mwalimu aliyetufundisha jambo hilo, hata mimi wa darasa la sita nalijua. Songea hii, mtu akisikia fidla redioni, swali lake ni moja, nani amekufa? Na kaka yangu katika dunia hii alitaka kitu kimoja, nakitaja mapema ili msije mkalala kabla hamjakisikia, alitaka ipite siku moja, asubuhi mpaka jioni, watu wa Songea wausikie muziki ule redioni bila kumtafuta marehemu.

Kuhusu kazi, mwaka 1981 alianza kama mtangazaji wa gari la kipaza sauti, akizunguka mitaani kutangaza mpira wa Jumapili, mikutano, chanjo za watoto na mbuzi waliopotea, na kwa sauti ile, ndugu zangu, mbuzi walikuwa wanarudi wenyewe. Kazi hiyo ndiyo iliyompa mke. Pale Majengo palikuwa na duka la ushonaji la mzee Hyera, mtu wa Mbinga, na mlangoni kwenye cherehani alikuwa anakaa binti yake Walburga, na gari la Egidi likifika mbele ya duka hilo lilikuwa linapatwa na ugonjwa wa kusimama, mpira wa Jumapili unatangazwa hapo mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka siku moja mzee Hyera akatoka na futi yake shingoni akamwambia, "Kijana, mpira tumeusikia, hata cherehani imeusikia, kama una tangazo jingine zima hiyo spika uingie ndani." Akaingia, na tangazo likapokelewa, taratibu zote za kwao na za kwetu zikafuatwa, na tarehe 17 Oktoba 1987 walifunga ndoa takatifu hapa Songea, mimi nikiwa nimebeba pete, na sikuiangusha kama baadhi ya watu wanavyodai.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Ursula, aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye ni mwalimu huko Namtumbo, na Clinton, aliyezaliwa mwaka 1997, fundi simu wa Majengo, na ameacha wajukuu wanne, ambao mmojawapo, naona pale kwa bibi yake, amesharithi sauti, tunaomba Mungu amrithishe na busara.

Mwaka 2004 ilipoanzishwa Redio Lizombe, marehemu alikuwa kati ya watu wa kwanza kuajiriwa, naye aliomba kipindi cha muziki, wakamsikiliza anavyosema "habari za asubuhi", wakatazamana, wakampa matangazo ya vifo. Si kwamba walimdharau, hapana, ile sauti ilikuwa imekaa hivyo, ukiisikia unatafuta mahali pa kukaa. Kwa karibu miaka ishirini, kila jioni, Egidi Nyoni ndiye aliyetuambia nani ameondoka, amezaliwa wapi, ameacha nani, na mazishi ni saa ngapi, na hakuwahi kukosea jina la mtu, la Kingoni, la Kimatengo wala la Kiyao, wala hakuwahi kumharakisha marehemu yeyote, awe tajiri awe kibarua. Wazee walikuwa wanamsimamisha njiani kumwekea oda, "Egidi mwanangu, siku yangu usinikimbize, wajukuu wote uwataje." Lakini heshima hiyo ilikuwa na mwiba wake. Kuna mwaka aliagiza nyama ya Pasaka kwa simu, akampigia Azizi, mwenye bucha pale Majengo, akasema kwa adabu zake zote, "Ndugu Azizi, huyu ni Egidi Nyoni wa Redio Lizombe," Azizi akaweka kisu chini, akashika ukuta, akauliza, "Ni mama?" Kaka akamjibu, "Hapana bwana, ni maini, kilo moja." Sisi tulicheka mwezi mzima, yeye alicheka siku ile tu, jioni nikamkuta kakaa uani, akaniambia, "Yohanes, mimi nikisema neno lolote katika mji huu, watu wanalia, nitawapelekaje Songea kwenye nyumba ya mikate kwa mdomo huu?" 

Nafasi ilikuja mwaka 2013. Muhsini, mtangazaji wetu wa salamu, yule pale, alikuwa anaoa huko Nalasi, wilaya ya Tunduru, na meneja wa redio, mama Pamela, na wafanyakazi karibu wote walikuwa wanakwenda harusini Tunduru, kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 18 Mei redio ingebaki haina mtu. Egidi akajitokeza, akasema nendeni wote, niachieni siku nzima, nitapiga muziki wa klasiki kuanzia asubuhi mpaka nitakapozima mitambo jioni, bila salamu, bila matangazo. Mama Pamela akauliza klasiki ndiyo nini, akaambiwa ni muziki wa kitaalamu, akasema sawa, mradi hauna matusi. Shemeji Walburga alimpigia pasi shati jeupe, kana kwamba redioni watu wanaona, na yeye akaenda nalo.

Asubuhi ile alifungua matangazo, na mimi maneno yake ninayo kichwani mpaka leo, alisema, "Ndugu wasikilizaji wa Redio Lizombe, kwa heshima kubwa, na kwa moyo uliojaa," akanyamaza kidogo kuvuta pumzi. Jamani, ile pumzi! Neno lililokuwa linafuata lilikuwa "furaha", lakini nani alilisubiri? Watu walikuwa wameshasikia sauti ya Egidi, asubuhi, wakati si wake, tena kwa heshima kubwa, kabla hajamaliza wameshatoka nje kuitana, na waliporudi kwenye redio wakakuta fidla. Mimi mwenyewe nilikuwa juu ya paa la mtu Majengo, nyundo nikaishusha, na chini yangu naona milango ya maduka inafungwa nusu, mmoja baada ya mwingine, mwenye duka la vyombo anamwuliza mwenye duka la kanga, "Ni nani?" naye anamjibu, "Mkubwa sana, hawajamtaja." Katika ofisi moja, sitaitaja, bendera ilishuka mpaka nusu mlingoti, na aliyeishusha alisema baadaye kwamba hakuagizwa na mtu, aliona tu inafaa.

Niliteremka, nikakimbilia redioni, na ni vizuri nilikwenda, kwa sababu bila mimi getini sijui ingekuwaje. Wanawake wa hapa Msamala walikuwa wameshafika, kanga viunoni, wengine na kuni, wengine na unga, mbele yao mama Getruda muuza vitumbua na sufuria yake kichwani, maana walisema msiba usiotajwa nyumba basi nyumba yake ni hapo hapo unapotangazwa. Egidi akatoka na shati lake jeupe. Mama Getruda akamwambia, "Pole baba, tumesikia, ni nani?" Egidi akasema, "Hakuna mtu, mama, ni muziki tu." "Usitufiche, Baba Ursula, sisi ni watu wazima, umesema mwenyewe kwa moyo uliojaa." "Uliojaa furaha, mama! Furaha! Hamkusubiri neno la mwisho!" Mama Getruda akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Furaha gani inasemwa kwa sauti hiyo? Ungeanza nayo."

Kwa desturi zetu, mwanamke akishafunga kanga na kubeba kuni hawezi kurudi nazo nyumbani, ni mkosi. Wakakaa pale uani, dirisha la studio likiwa wazi, na muziki ukawa unatoka. Mwanzo walikuwa wananong'ona na kunicheka mimi na nyundo yangu, halafu mama Getruda akaanza kulia taratibu, akasema, "Kama hakuna marehemu wa leo, basi mimi nitamlilia wangu," na wote tulijua ni binti yake aliyemzika miaka mingi nyuma, ambaye hakumlilia vizuri siku ile kwa sababu ya kuhudumia wageni. Na wengine wakalia wa kwao. Egidi alisimama dirishani, nikaona anaumia, kwa sababu huyo ndiye aliyetaka wacheke. Lakini machozi yana mwisho, na unga ulikuwepo, kuni zilikuwepo, wakabandika uji, wakakumbuka na mchele uliokuwa umelowekwa wa vitumbua vya asubuhi, mmoja akaufuata, wakaanza kukaanga, mama Getruda anageuza vitumbua huku anatikisa kichwa kufuata fidla bila kujijua, na harufu ikapanda ikaingia studio. Kaka yangu aliniambia mara nyingi, na ndilo neno aliloniachia la siku ile, kwamba alifumba macho akawa juu ya mzigo wa kuni kwa Bruda Otto, na safari hii hakuwa peke yake, Songea ilikuwa inaanza kufika.

Ilikuwa inaanza tu. Saa sita mchana simu ikalia kutoka Nalasi, mama Pamela, huku nyuma yake vigelegele vimekatika, anasema, "Mzee Egidi, umemuua nani huko? Watu wanapiga simu kila dakika, bwana harusi amekataa pilau mpaka ajue. Zima hiyo kitu." Egidi akazima. Kisha, kwa nia njema kabisa, akasoma tangazo ambalo naamini halijawahi kusomwa na redio nyingine yoyote duniani, "Redio Lizombe inawatangazia wasikilizaji wake kwamba hakuna aliyefariki," na kwa sauti ile ile. Hapo ndipo hata wale wachache waliokuwa wametulia walipofunga maduka, wakasema tayari, limekuwa zito, sasa linafichwa.

Hakufukuzwa kazi, nani angesoma vifo? Ila siku yake ilikatwa katikati, asubuhi aliipata, mchana mpaka jioni hakuupata, na tangu hapo alikuwa na neno lake, anadai nusu siku. Kila mwaka mpya alikwenda kwa mama Pamela, kofia mkononi, "Mama, nusu siku yangu," na mama Pamela, kwa upendo wote, "Mwakani, mzee." Miaka ikaenda hivyo. Jumapili baada ya Misa alifungua dirisha hapa nyumbani, akaweka muziki wake, akakaa na shemeji wakimenya karanga, na kaka yangu akikaa hivyo alikuwa anatazama upande wa mjini, kule ulipo mnara wa redio, kama mtu aliyeacha nguo kwenye kamba na mvua inakuja. Mama Getruda alikuwa akimtania juu ya ua, "Baba Ursula, leo wamekufa wangapi?" naye anajibu, "Leo wamefufuka, mama, leta vitumbua." Nyumba moja ilikuwa imeshazoea. Yeye alitamani mji.

Kuhusu ugonjwa, Oktoba 2023 sauti ilianza kukwaruza, akadhani ni vumbi la mahindi, Februari 2024 akaambiwa ni uvimbe kooni, akapelekwa Dar es Salaam kwa matibabu, akarudi Machi mwaka huu akiwa hai, sauti imebaki huko. Vifo vikaanza kusomwa na vijana, wanasoma vizuri, siwasemi vibaya, ila mji ulilalamika, mzee mmoja pale Majengo alisema siku hizi watu hawafi sawasawa, unasikia jina la rafiki yako linapita kama bei ya mbolea.

Mwezi uliopita mama Pamela alikuja hapa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akasema, "Mzee, Jumamosi ya tarehe 14 Juni ni yako, siku nzima, si nusu." Kaka akanong'ona, nani atafungua matangazo? Mama Pamela akasema tutatafuta mtu. Yeye akainua kidole akamwonyesha mkewe. Shemeji Walburga akaruka, "Mimi? Mimi hata somo la pili kanisani sijawahi kusoma, unataka watu wanicheke!" Na kaka akamwambia, tulilazimika kuinama kumsikia, "Ndiyo maana. Sauti yako haijawahi kumzika mtu." Tangu siku hiyo shemeji alikuwa anafanya mazoezi jikoni, mlango umefungwa, tunasikia "habari za asubuhi" anaiambia sufuria.

Jumanne tarehe 10 Juni hali ilibadilika. Aliniita, nikainama, akaniambia, "Nikifa kabla ya Jumamosi, msipige." Nikamwambia, "Kaka, una akili kweli? Redio nzima yako, mji mzima utakusikiliza, utazikwa na muziki wako kama rais." Akasema, "Ndiyo hivyo, watasema, unaona, tulijua." Nikamsogezea sikio. Akasema, "Mtafute siku ambayo hakuna aliyekufa." Nikamjibu, "Mlongo wangu, ndugu yangu, siku hiyo kwa Songea utaipata wapi, na wewe ndiye uliyekuwa unawasoma?" Akacheka, mabega tu ndiyo yalicheka, akasema, "Basi iwe siku ambayo mimi nimeshakufa zamani."

Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, asubuhi, hospitali ya rufaa ya mkoa, hapa Songea, shemeji akiwa amemshika mkono wa kulia na Ursula wa kushoto. Jioni tukakaa hapa uani na redio, Muhsini akaanza kusoma tangazo, akakohoa, akaanza upya, akakohoa tena, na nitawaambia ukweli, kwa mazoea ya miaka yote hiyo sisi tulikuwa tumekaa tunamsubiri Egidi aje atutangazie kwamba Egidi amefariki.

Leo ndiyo tarehe 14. Kuna watu wamenifuata tangu asubuhi, wengine wakubwa, wananiuliza mbona redio inapiga salamu na ngoma za lizombe siku ya leo, hamna shukrani, huyu si ndiye mwenye fidla? Jibu ndilo hilo nimelisoma. Leo hatumpigii. Leo yupo marehemu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Songea na wa Dar es Salaam, waliomhudumia mtu asiyeweza kuwaambia asante na bado wakaisikia, tunamshukuru Baba Paroko na jumuiya yetu kwa sala, majirani wa Msamala kwa maji, kuni na usiku mliokesha, mama Getruda kwa vitumbua ambavyo mgonjwa alikuwa akivinusa tu kisha anavigawa, mama Pamela, Muhsini na wote wa Redio Lizombe, na watani kwa matusi yenu ya jana, ambayo marehemu angeyapenda, na wengine ambao sikuwataja mjue ni karatasi imeisha, si upendo.

Sasa tangazo la mwisho. Tumekaa na mama Pamela na kalenda ya parokia, tukatafuta Jumamosi isiyo na kitu, si arobaini, si Mashujaa, si Nanenane, si harusi ya Muhsini mwingine, tukaipata, tarehe 2 Agosti. Siku hiyo asubuhi mtasikia redioni sauti ya mwanamke ambayo hamuijui, itatetemeka kidogo, itawaambia habari za asubuhi, nanyi msubirini amalize, tafadhali, msubirini neno la mwisho. Halafu zitaingia fidla, mpaka jioni. Mwenye duka asifunge mlango, anayetwanga atwange, anayekaanga akaange, bendera ikae juu ilipo, mimi nitakuwa kwenye paa la mtu nikigonga misumari kwa nguvu zangu zote. Na akipita mgeni, akasimama barabarani, akavua kofia, akawauliza nani amekufa, mwambieni hakuna. Mwambieni ni Jumamosi tu.

Egidi, mwana wa Thadeo, kaka yangu, pumzika na amani ikulinde, nusu siku yako tunaileta.